Onyo: Wifi Haina Kibali

6 Desemba

Muuguzi aliniagiza niandike hali ya Mama kila siku, ili tukirudi kliniki niwe na la kusema. Hali ya Mama leo ni nzuri. Amekunywa uji wote, amegeuzwa ubavu, hana kidonda. Mwenye hali mbaya ni mimi, na sababu ni Kaka Placidi.

Mvua ya jana iliondoka na umeme. Umeme uliporudi asubuhi, mashine ya Wendelin ikajiwasha yenyewe kama kawaida yake na kuanza kumwaga maandishi kwenye runinga. Mashine yenyewe ni kompyuta kuukuu ambayo mdogo wetu Wendelin aliileta kutoka Dodoma anakofanya kazi, akaiweka kwenye kabati la sebuleni hapa nyumbani Matiri. Inatunza vitu vya familia: picha, video za harusi, na juu ya vyote sauti ya Mama. Kabla ya kiharusi, mimi na Wendelin tulimrekodi Mama akiimba na kusimulia kwa Kimatengo, kuanzia namna ya kuchimba ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, hadi hadithi za fisi. Sasa Mama hawezi kutamka neno. Kila jioni namwekea sauti yake mwenyewe, naye husikiliza, na panapomfurahisha huinua mkono wa kushoto, ule mzima. Kwa ajili ya mkono huo niliomba likizo bila malipo, nikaacha darasa langu la Kiswahili kule Mbamba Bay.

Basi Kaka akasimama mbele ya runinga, mikono nyuma, akasoma kama karani wa mahakama:

ONYO: SAA SI SAHIHI.
ONYO: KIBODI HAIKUPATIKANA.
ONYO: WIFI HAINA KIBALI.
ONYO: DISKI HAIKUFUNGWA VIZURI. INAKAGULIWA. SAFI.

"Hilda," akasema, "mtumishi akipewa onyo mara tatu, anafanywaje?"

Kaka alikuwa mtendaji wa kata kabla hajastaafu. Ameandika barua za onyo maisha yake yote, na nadhani anazikumbuka kuliko siku za kuzaliwa za wanawe.

"Kaka, hii si mtumishi. Ni mashine."

"Onyo la kwanza, la pili, la tatu, anafukuzwa. Hii imepata manne, tena kwa mpigo! Ichomolewe kabla haijatuunguzia nyumba."

Nikamwambia itachomolewa siku nitakayochomolewa mimi. Akaniita mkaidi. Nimekubali, ni mkaidi.

8 Desemba

Simu hapa inashika ukipanda mteremko hadi kwenye vichanja vya kuanikia kahawa. Nimepanda na mwavuli, nikampigia Wendelin. Alicheka mpaka nikamkatia. Kisha nikapiga tena, kwa sababu mwenye shida ni mimi.

Naandika alivyoeleza nisije nikasahau. Saa si sahihi kwa kuwa kibetri chake kidogo kimekufa. Umeme ukikatika mashine husahau mwaka, na kwa kusimulia hadithi haihitaji kujua mwaka. Kibodi haikupatikana kwa sababu hatuna, tunatumia rimoti. Wifi ni kile kidude cha kunasa mtandao hewani. Kila nchi ina kibali chake cha mawimbi, na faili la kibali halimo. Lakini hapa hatuna mtandao wa hewani wala wa ardhini, kwa hiyo hakuna kinachoharibika. Diski haikufungwa vizuri kwa kuwa umeme haukubisha hodi wakati wa kuondoka. Mashine inajikagua, na maadamu inamalizia na neno "safi", nisihangaike.

"Mle ndani kuna diski mbili, Dada," akasema. "Kila kitu kimeandikwa kwenye zote mbili. Moja ikifa, itakwambia."

"Na nani alikutuma uandike 'onyo'?"

Mashine inaongea Kiingereza, eti, akaitengenezea kiprogramu cha kuitafsiri ili sisi tuelewe. Alifuata kamusi.

Kamusi! Onyo hupewa aliyekosa. Ungeandika "taarifa" nyumba ingelala salama. Mtoto niliyemfundisha irabu mimi mwenyewe. Amesema atarekebisha akija Pasaka.

9 Desemba

Mvua. Mama mzima. Kaka hasemi nami.

15 Desemba

Nikiwa kwenye habari za maonyo, niandike na ya Serafina, mke wa Kaka, ambaye tunaitana wifi. Huyu naye hujiwasha kila asubuhi. Leo: kuni zimelowa. Kuku wameingia jikoni. Mgongo unamuuma. Ukungu wa huku unaingia mifupani, kwao ziwani watu wanaamka na jua. Nani amemaliza chumvi? Akimaliza hapo anakwenda kupika uji wa Mama, na unakuwa mzuri.

Mwanzoni nilikuwa najibu moja moja. Siku hizi namwacha amwage hadi mwisho, kama runinga.

20 Desemba

Leo nimetukanwa, nami sina hatia.

Umeme ulikatika na kurudi. Serafina alikuwa anafagia sebule. Siku zote huwa yuko jikoni mashine ikiwaka, leo akainua macho. Nikasikia ufagio umeanguka.

"Wifi! Njoo hapa usome mwenyewe ulichoandika!"

Nikaja na bakuli la Mama mkononi.

"Wifi haina kibali," akasoma, kidole juu ya kioo. "Mimi sina kibali? Umeniweka kwenye tivii?"

Hapa nieleze. Serafina ni Mwanglikana, mtoto wa mwambao wa ziwa. Sisi ni Wakatoliki hata kuku wetu. Alipoolewa na Kaka, ambaye alikuwa mjane, walifunga ndoa serikalini, na ili ibarikiwe kanisani kinatakiwa kibali cha Askofu kwa ndoa mchanganyiko. Kibali hicho hakijaja. Kila Jumapili Serafina anakaa benchi la nyuma, wakati wa komunyo anabaki amekaa na mikono mapajani, na wanawake wa jumuiya wanamtazama kwa huruma ambayo mimi nisingeivumilia hata kwa wiki moja. Kwa hiyo katika maneno yote ambayo mdogo wangu angeweza kuyachagua duniani, alichagua hayo.

"Wifi, hiyo si wewe. Hiyo ni waifai. Kidude cha mtandao."

"Waifai! Mbona imeandikwa wifi?"

"Ndivyo inavyoandikwa."

"Na hiyo 'haina'? Ungeandika 'hana' ningejua ni ugomvi wa watu. Umeandika 'haina'! Mwalimu mzima wa Kiswahili, umeninyima hata ngeli ya mtu!"

Nikamweleza kwamba hiyo "haina" ndiyo ushahidi wangu, maana kifaa si mtu na hakiwezi kupata "hana". Nilikuwa sahihi kisarufi. Sikuwahi kuona usahihi uliofaa kidogo namna ile. Alilia, akasema aliyasikia maneno yangu tangu siku ya kwanza, kwamba nilimwambia Mama huyu hata Kimatengo hajui, atakaaje na sisi. Ni kweli nilisema. Lakini sikuandika kwenye mashine!

Na Kaka, aliyesababisha yote, alikuwa wapi? Barazani. Karatasi za ubatizo wa mkewe ziko kwake tangu mwaka jana. Anasema atazipeleka parokiani njia ikikauka. Miguu ambayo haishindwi kwenda kuangalia mpira Kitura inashindwa na tope la kwenda kanisani.

25 Desemba

Noeli. Serafina amepika usipa, dagaa wa ziwani, waliotumwa kutoka kwao. Amenipa sahani bila kuniangalia. Mama aliinua mkono kwa usipa.

13 Januari

Nimerudi kutoka kliniki na Mama, tumelowa, nikakuta fundi ameshaondoka.

Kaka alimleta kutoka Mbinga mjini, kijana anaitwa Augustino, mpole, ana simu tatu. Alifanya kazi yake nami sipo. Kaka, kwa furaha ya mtu aliyekata kesi, akazima mashine na kuiwasha tena ili nione. Hapakuwa na neno hata moja. Palitokea ua jekundu na maandishi KARIBU NYUMBANI.

"Imepona," akasema.

"Imepona nini?"

"Maonyo yamekwisha. Huoni?"

Nimepanda kwenye vichanja na nguo zilezile za maji. Wendelin hakucheka safari hii. Amesema fundi hakutibu kitu, ameifunika mdomo tu. Mashine bado inasema yote, ila nyuma ya ua. Nikitaka kuyaona, niiwashe huku nimebonyeza kitufe cha pembeni juu kushoto kwenye kibodi. Kwenye kibodi! Ile ambayo haikupatikana!

"Yale manne hayana madhara, Dada, hata usipoyaona."

"Na la tano likija?"

Akasema tuombe lisije kabla ya Pasaka.

Nimeshuka nimekasirika hadi nikasahau mwavuli. Nyumba nzima imefurahi. Kaka amekaa mbele ya ua lake. Serafina pia amefurahi, maana jina lake limeondoka, na huyo siwezi kumlaumu. Lakini mtu mzima anayedhani mgonjwa amepona kwa sababu amezibwa mdomo, huyo alitawala kata!

27 Januari

Mvua. Umeme ulikatika. Ua. Karibu nyumbani.

4 Februari

Mvua. Umeme. Ua.

11 Februari

Taarifa ya asubuhi ya Serafina: bati la jikoni linavuja. Kuku mweupe ameacha kutaga. Mashine ya Wendelin inagonga, ko ko ko, kama kuku anayedonoa bakuli. Goti. Nani amechukua kisu kidogo?

Kisu nilikuwa nacho mimi.

18 Februari

Jumatano ya Majivu. Padri alipita nyumbani, akampaka Mama majivu. Alimuuliza Kaka habari za karatasi. Kaka akasema tope.

24 Februari

Serafina: ukungu, kuni, mgongo, mashine inagonga, mbwa wa jirani. Nikamjibu, "Sawa, wifi," kabla hajamaliza. Akanitazama, akaenda kupika uji.

7 Machi

Nimeketi kuandika nikiwa na baridi na hasira, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Mchana Mama alikuwa hana raha, nikamwekea hadithi aipendayo kuliko zote, ya mwanamke mchimba ngoro na fisi. Fisi anamjia kila siku akimwimbia kwamba atampata siku atakapochoka. Mama amesikia hadithi hiyo mara nyingi mno, na mkono wake huinuka mahali pamoja tu, mwishoni. Leo fisi aliimba, mwanamke akashusha jembe, na sauti ya Mama ikakatika katikati ya neno. Ikarudi, ikasema silabi moja, ikakatika tena. Ndipo nikasikia, kutoka kwenye kabati: ko, ko, ko.

Mama alikuwa ananitazama. Mkono wake ulikuwa hewani nusu, haujui uendelee au ushuke.

Serafina akatokea jikoni na mwiko.

"Nilisema inagonga," akasema. Hakupiga kelele. "Nilisema mwezi uliopita. Ukaniambia sawa."

Nilimwambia sawa. Nimemlaani fundi na Kaka miezi miwili kwa kuifunika mashine mdomo, na kumbe mimi nilishamfunika mwanamke mzima, bila hata kumwekea ua.

Kaka, lazima niandike haki yake, alitoka mbio kwenye mvua bila viatu hadi sekondari, akarudi na kibodi ya kuazima ndani ya shati. Lakini simu inashika kwenye vichanja tu, na runinga iko sebuleni. Basi mimi nikapanda juu na simu sikioni, Kaka akakaa mbele ya runinga, na katikati ya mteremko, penye mgomba, akasimama Serafina. Wendelin alisema neno, mimi nikampigia kelele Serafina, Serafina akampigia kelele Kaka. Kaka alisoma, Serafina akanipandishia.

"Aiwashe upya huku amebonyeza kitufe cha pembeni!"

"Mume wangu, cha pembeni! Juu! Kushoto! Kushoto ni huku!"

Ua likaondoka. Kaka akaanza kusoma, na maneno yakapanda kwangu kwa sauti ya Serafina.

"Onyo, saa si sahihi!"

"Hilo ni betri," nikajibu.

"Onyo, kibodi..." Likakwama. "Anasema halipo tena!"

"Si ameichomeka! Aendelee!"

"Onyo..." Serafina akafuta mvua usoni. "Onyo, wifi haina kibali!"

"Hilo halina neno!"

"Najua halina neno! Onyo, diski haikufungwa vizuri, inakaguliwa!"

"Imesema safi?"

Niliona kichwa cha Kaka dirishani kikiinamia runinga mara mbili.

"Haikusema safi! Inasema: diski ya pili haionekani, naendelea na moja!"

Sikuhitaji Wendelin anieleze. Manne nayajua kama majina ya ndugu zangu. Hili la tano lilikuwa mgeni. Wendelin akasema turudi kwenye maandishi ya zamani, na Kaka akayakuta yameandikwa vilevile kila mashine ilipowaka. Tarehe zilikuwa za uongo, lakini kwa kuhesabu umeme ulivyokatika ni tangu Januari, muda mfupi baada ya fundi. Diski moja ilikufa ikatuambia. Iliendelea kutuambia nyuma ya ua jekundu, kila umeme uliporudi, nasi tukikaribishwa nyumbani. Na ile iliyobaki ndiyo inayogonga.

"Msizime," Wendelin akasema. "Nakilini sauti kwenye flashi sasa hivi, kabla haijafa. Nani anakupokezea maneno, Dada? Ni shemeji?"

"Ni wifi."

"Kumbe nyumba ina wifi siku zote," akasema. Nilimwambia afunge mdomo.

Flashi yangu ya mitihani ya darasa la saba ndiyo iliyopokea. Nyimbo zilipita. Kilimo cha ngoro kilipita. Harusi ya shangazi Ottilia ilipita, ambayo hakuna aliyeiomba. Kaka alisimama karibu na kabati, mkono juu yake, kama mtu anayeshika bega la mgonjwa. Hadithi ya fisi ilikuwa ya mwisho. Ilifika nusu, radi ikapiga upande wa Mbinga, umeme ukakatika. Uliporudi, mashine haikuonyesha onyo wala ua. Ilionyesha weusi.

"Nilidhani imetulia," Kaka akasema.

Nilikuwa na mengi ya kumjibu. Nimeyaacha, si kwa upole, nilikuwa nimepoteza sauti kwa kelele za mteremkoni.

8 Machi

Hadithi imebaki nusu. Nimempigia Wendelin anikumbushe mwisho. Hajui. Nami sijui! Tulisimuliwa utoto wote, na utoto wote tulisinzia kabla haijaisha. Siku ya kuirekodi nilikuwa nimeshughulika na kifaa, nikitazama kitaa chekundu kama kinawaka. Na jioni zote hizi nilikuwa natazama mkono wa Mama, sisikilizi.

Mama amekataa uji.

10 Machi

Mama amekataa tena uji. Nilimwekea nusu iliyobaki, nikidhani itamfariji. Sauti ilipokatika akageuza uso ukutani. Sitarudia.

11 Machi

Serafina alikuwa anachambua maharage miguuni pa kitanda cha Mama. Hakulalamika asubuhi nzima, nami nilikuwa nimeanza kuogopa. Ghafla akaanza kusema, kwa Kimatengo. Kimatengo chenye lafudhi ya ziwani, kinapanda mahali kinapopaswa kushuka, lakini maneno ni ya Mama, yaleyale, hata kile kikohozi kidogo ambacho Mama alikohoa siku ya kurekodi. Amekisikia kila jioni kutoka jikoni, akiosha vyombo. Hakuna aliyemfundisha. Hakuna aliyemuuliza.

Fisi aliona shimo la ngoro limetandikwa nyasi, akadhani amewekewa kitanda. Akalala. Mwanamke akamfukia taratibu kama tunavyofukia nyasi, akapanda maharage juu yake. Ndiyo maana hadi leo maharage yakichemka hunguruma: ni yule fisi. Msimwogope, wanangu. Akinguruma, chungu kina maji. Mkimbilieni siku akinyamaza, maana hapo maji yamekwisha na chakula kinaungua.

Mkono wa Mama uliinuka. Ukainuka wote, ukaenda ukamshika Serafina kichwani, ukakaa hapo. Mimi nilitoka nje kwenda kuona kuku.

Mama amekunywa uji.

12 Machi

Nimemwambia Kaka apeleke zile karatasi leo. Akasema tope. Nikamwambia hili ni onyo la kwanza, la pili na la tatu. Amekwenda.

15 Machi

Serafina: kuni, goti, moshi, bei ya sabuni. Nimejibu moja moja. Bati la jikoni linavuja kweli. Nimepanda kuliziba.

4 Aprili

Jumamosi Kuu. Wendelin amefika na diski mbili mpya, na ya tatu atakayorudi nayo Dodoma ili sauti ya Mama ilale nyumba mbili. Hadithi ya fisi ameiunganisha: nusu ya Mama, nusu ya Serafina, tuliyemrekodi juzi kwa simu. Nimemgombeza kwa kila kitu tangu kamusi, naye amekula ugali huku akigombezwa.

Ua ameling'oa. Nilimwambia abadilishe "onyo" yote yawe "taarifa", na Kaka akaunga mkono, eti kiutaratibu ni sahihi zaidi. Serafina akasema abadilishe yote apendavyo, ila la wifi asiliguse.

"Shemeji, hata 'haina' niiache?" Wendelin akauliza.

"Iache."

Nimekasirika, maana sasa orodha haina ulinganifu, taarifa tatu na onyo moja. Hawakunisikiliza.

Karatasi bado ziko kwa Askofu. Jioni mvua ilinyesha, nadhani ya mwisho, ikaondoka na umeme. Uliporudi tulikuwa wote sebuleni na Mama, isipokuwa Serafina aliyekuwa jikoni na maharage. Mashine ikajiwasha. Wendelin akasoma kwa sauti, akimtania: taarifa, saa si sahihi. Taarifa, kibodi haikupatikana. Onyo, wifi haina kibali.

"Ninacho!" Serafina akajibu kutoka jikoni.

Mama akainua mkono.